Wazee Wawili Tanga: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara

Maswali haya yametoka pande mbili. Mengine ni ya Kakamega, kwa watoto wetu na waumini wenzetu wastaafu wanaofikiria kutufuata. Mengine ni ya hapa Tanga, ya barazani na sokoni. Nimeandika mimi. Mzee wangu amesahihisha palipohitaji, na pasipohitaji pia.

## Mwanzo

Ninyi ni akina nani, na mmefuata nini Tanga?

Ni mume na mke wastaafu kutoka magharibi ya Kenya. Mimi nilikuwa muuguzi, mwenzangu mwalimu wa shule ya msingi. Kanisa letu hutuma wazee ambao bado wana nguvu kiasi wakasaidie usharika mdogo ng'ambo ya mpaka kwa miaka miwili. Tulipoondoka yeye alikuwa na miaka 70, mimi 67.

Watu wakisikia neno "mmisionari" humtafuta mzungu nyuma yetu. Mkoa huu umewajua hao tangu karne ya 19: Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa Magila, karibu na Muheza, na Walutheri wa Kijerumani walipanda milima ya Usambara. Sisi tulishuka kwenye basi pale Kange na masanduku mawili na kuku mmoja wa kuchemsha kwenye hotipoti, kwa sababu dada yangu hakuamini kwamba Tanzania kuna kuku.

Kwa nini watumwe wazee, si vijana?

Nasi tuliuliza. Jibu tulilipata wiki ya kwanza. Kijana mgeni akipita mtaani huulizwa ametoka wapi, anakwenda kwa nani, ameoa au hajaoa. Mzee akipita huletewa kiti. Ukishakaa, maji yanakuja. Maji yakishakuja, habari ya mtoto aliyeacha shule inafuata, halafu ya mguu unaouma. Vijana wa usharika wanaimba vizuri kuliko sisi na wanatembea mbali kuliko sisi, lakini hawaletewi kiti.

Siku yenu ya kawaida ikoje?

Adhana ya alfajiri hutuamsha, nasi tunaitumia kama saa yetu ya kusali. Saa kumi na mbili na nusu mzee ananunua vitumbua kwa mama wa kona. Asubuhi yeye huwa ofisini kwa mchungaji, anamsaidia mhazini kupanga vitabu vya sadaka. Alipofika, risiti za mwaka mzima zilikuwa kwenye ndoo ya rangi. Mimi niko na kina mama: Jumanne ushonaji, Alhamisi kuwatembelea wagonjwa. Mchana jua likiwa kali hatutoki. Jioni ni baraza.

Kuhubiri? Mzee amehubiri mara sita tangu tuje. Mimi mara mbili.

Nani anawalipa?

Hakuna. Tunaishi kwa pensheni, na usharika unatupa nyumba. Kama mnategemea mshahara wa mmoja ambaye bado anafanya kazi, subirini kwanza.

## Karatasi na mizigo

Mkenya si mwananchi wa Afrika Mashariki? Kibali cha nini tena?

Kuingia, Mkenya hahitaji viza, lakini muhuri wa mgeni si ruhusa ya kufanya kazi, hata kazi isiyo na mshahara. Watumishi wa dini huomba kibali cha ukaazi cha daraja C, na maombi hushughulikiwa na kanisa linalowapokea. Anzeni mapema. Njooni na pasipoti, maana kitambulisho cha taifa hakitoshi, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo mzee aliiweka ndani ya Biblia, Biblia akaiweka ndani ya sanduku, sanduku likawa chini kabisa kwenye buti la basi. Abiria wote walitusubiri pale mpakani Horohoro. Sitaandika waliyoyasema.

Tubebe nini?

Dawa zenu (tazama "Mkiugua je?"), miwani ya akiba na viatu vya wazi vilivyokwisha kuzoea miguu. Sweta moja tu. Ukitaka baridi, kuna Lushoto; ukifika huko jioni utaikumbuka Kakamega. Nguo za jikoni na vyombo vyote vipo sokoni. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, ilipigwa marufuku hapa tangu Juni 2019.

Pesa mnapataje?

Kutoka M-Pesa ya Kenya unaweza kutuma kwenda M-Pesa ya Tanzania, hivyo watoto wakitukumbuka hutukumbuka kwa simu. Laini ya hapa husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole. Shilingi moja ya Kenya ni kama 20 za hapa, hupanda na kushuka. Mwezi wa kwanza utashtuka kulipa 5,000 kwa samaki, kisha utapiga hesabu na kutulia. Mwezi wa pili utaacha kupiga hesabu, na hapo ndipo hela zinapoanza kupotea.

## Nyumba, soko na njia

Mnaishi wapi?

Ngamiani, ambako barabara zina namba badala ya majina. Ukipotea unahesabu. Ni nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma, baraza mbele. Sisi tuna vyumba viwili, na mwenye nyumba anakaa upande wa pili na wajukuu wanne. Choo, kamba ya kuanikia na mwembe ni vya wote. Mtu aliyezoea boma lake na ua wake atapata tabu kidogo. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa naanika nguo za ndani chumbani, mpaka mwenye nyumba akaniambia kwa upole kwamba jua la Mungu ni la bure.

Joto mnalivumiliaje?

Hulizoei, unalipangia ratiba. Kuanzia Desemba hadi Machi, kipindi cha kaskazi, tunaoga mara tatu na kulala dirisha wazi ndani ya chandarua. Masika yakianza, Machi kwenda Mei, linapungua lakini nguo hazikauki. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma.

Chakula je?

Ugali upo, kwa hiyo mzee yupo. Nazi ndiyo ngeni kwetu. Hapa inaingia kwenye wali, maharage, mbaazi, samaki, kisamvu, mpaka nikajiuliza kama kuna kitu hakitiwi nazi. Sasa nina mbuzi wangu wa kukunia, naketi juu yake kama nimezaliwa naye. Tui la kwanza huwekwa kando, la pili ndilo hupikia; la kwanza linaingia mwishoni na huachi kukoroga, ukiacha linakatika. Lilinikatikia mara tano.

Samaki tunanunua Deep Sea asubuhi, boti zikirudi. Wakubwa hunadiwa, na mgeni akinyanyua mkono kumsalimia mtu anaweza kujikuta amenunua jodari. Sisi hungoja mafungu: vibua kwa siku za kawaida, changu mgeni akija. Machungwa ni ya Muheza, na msimu wake ukifika yako mengi kuliko watu. Mrenda wetu nao tumeukuta, ila hapa ni mlenda, na Wasambaa wanaupika vizuri kuliko mimi.

Mnatembeaje mjini?

Kwa bajaji mvua ikinyesha, kwa daladala tukienda mbali, na siku nyingine kwa baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli: tambarare, na wazee wenye kanzu wanaendesha, na kina mama pia. Mzee alinunua moja iliyotumika, akaipaka rangi ya kijani. Mimi hukaa nyuma kwenye keria, upande mmoja, nimemshika kiuno. Mjukuu wetu alipoona picha aliuliza kama bibi ametekwa nyara.

## Lugha

Si ni Kiswahili kilekile?

Nilidhani hivyo. Siku ya pili niliingia dukani nikasema, "Nipe mkate." Muuzaji, kijana wa miaka 20 hivi, alisimama wima. "Shikamoo bibi. Karibu. Habari za asubuhi?" Nikajibu. "Na za nyumbani?" Nikajibu. "Haya, ulikuwa unasemaje?" Nikasema, "Naomba mkate." Akanipa, na hakunionyesha hata kidogo kwamba amenifundisha adabu.

Hapo ndipo lilipo tatizo letu sisi watu wa bara Kenya. Maneno tunayo, tunachokosa ni ukumbi wake. Huku huombi kitu kabla ya salamu, na salamu haina haraka. Kwetu shikamoo huisikii sana, kwa hiyo mtoto wa kwanza alipomwamkia mzee barabarani, mzee alijibu, "Mzuri sana!" Mtoto akangoja. Akaamkia tena. Ikabidi mimi niitikie "marahaba" kwa niaba ya familia.

Halafu kuna maneno yenyewe. Githeri ni makande. Dania ni giligilani, ndengu ni choroko, matatu ni daladala, maziwa lala ni mtindi. Na stima. Usiku mmoja giza liliingia ghafla, nikamwita mwenye nyumba: "Mama, stima imepotea!" Akatoka mbio na kanga begani, akatazama upande wa bandarini. "Imepotea wapi? Ilikuwa na watu?" Kwake stima ni meli. Umeme ulirudi saa tano. Yeye alicheka mpaka alfajiri, nilimsikia ukutani.

Mzee, aliyefundisha Kiswahili miaka 34, ndiye aliyeumia zaidi. Alisema "viatu zangu" kama tunavyosema kwetu tukiwa tumejisahau, na mjukuu wa mwenye nyumba wa miaka saba akamsahihisha mbele ya watu: "Vyangu, babu." Huu ni upande wa kwao Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, kusini ya mji, mwaka 1909. Utajitetea kwa nani?

## Majirani na imani

Mnaishije mtaa ambao karibu wote ni Waislamu?

Kwa adabu na kwa sahani.

Ramadhani ya kwanza tuliambiwa mambo mawili: usile wala kunywa hadharani mchana, na usipike vitu vya kunukia saa tisa. Tulifuata. Jioni ya kwanza, adhana ya magharibi haijaisha, mlango ukagongwa. Hodi, karibu, na sahani: mihogo ya nazi, tambi, kaimati nne, tende. Kesho yake sahani nyingine, nyumba nyingine. Kufika siku ya tano nilikuwa na sahani saba za watu na sina la kufanya, kwa sababu sahani hairudishwi tupu.

Nikataka kuwapikia kuku wa kwetu. Mwenye nyumba akanitoa kando, akaniuliza nani atachinja. Sikuwa nimefikiria. Tangu siku hiyo kuku wetu wote huchinjwa na kijana wake, hata wa siku za kawaida, na sufuria zetu hazijawahi kuona nguruwe. Kuna ndugu mmoja kanisani kwetu nyumbani aliyeona hilo ni kujishusha. Namheshimu, lakini yeye hajawahi kudaiwa sahani saba.

Msiba ndio uliotufundisha kwa maumivu. Mzee wa nyumba ya tatu alifariki asubuhi. Kwetu, habari ya kifo ni mwanzo wa maandalizi ya siku nyingi: kamati, michango, matangazo, ndugu kutoka Nairobi. Kwa hiyo tulioga, tukala, tukatafuta nguo nzuri. Tulipofika saa kumi na moja jioni, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakikung'uta mchanga. Nilitamani ardhi inimeze. Mjane alinishika mkono, akanisogezea mkeka, akasema, "Umekuja, bibi. Kaa." Nilikaa mpaka saa nne usiku. Sasa tukisikia kilio tunakwenda kama tulivyo, mimi na kanga, yeye na kofia.

Mnawabadilisha watu dini?

Hili tunaulizwa kwa sauti ya chini huku Tanga na kwa sauti ya juu huko nyumbani. Tulitumwa kusaidia usharika ambao tayari upo. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini, na ukiniuliza ninaamini nini nitakuambia bila kuficha. Mwenye nyumba aliniuliza, nikamwambia. Nami nikamuuliza, akaniambia. Kisha tukaendelea kuchambua mchele. Mikutano ya hadhara na vibali vyake ni kazi ya mchungaji, na mgeni asijiingize huko, wala kwenye siasa.

Watu wakija kuomba hela?

Watakuja. Mgeni kutoka nje hudhaniwa ana benki chini ya kitanda. Mzee alimkopesha fundi mmoja shilingi 80,000 mwezi wa kwanza. Tumepoteza hela, na tumempoteza fundi pia, maana sasa akituona anavuka barabara. Hasara ya pili ndiyo kubwa. Utaratibu wetu wa leo: mahitaji ya kanisa hupitia kwa mchungaji, hatukopeshi, na mgonjwa au msiba tunatoa kidogo bila kungoja kurudishiwa.

## Sisi wawili

Hamchokani?

Kwa miaka 40 mzee aliondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni, nami nilikuwa na zamu za usiku. Nikipiga hesabu vizuri, tulikuwa tumeishi pamoja kama miaka 12. Tanga tukafungiwa vyumba viwili na redio moja. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa mibaya. Niligundua kwamba anakohoa kabla ya kusema jambo ambalo hana hakika nalo. Yeye aligundua kwamba naongea na sufuria.

Kilichotusaidia ni kugawana mji. Sokoni ni kwangu, haji. Baraza la wazee wa bao ni lake, sifiki. Tukikutana jioni tuna habari za kupeana. Wenzi wanaotaka kuja wajaribu kwanza mwezi mmoja wa kukaa chumba kimoja nyumbani kwao, TV imezimwa.

Wajukuu je?

Hili halina dawa. Kwetu huniita Kukhu, hapa naitwa Bibi na watoto wanne wasio wangu, na kuna siku jina hilo linanichoma. Simu ya video Jumapili jioni, ikishika. Mjukuu wa mwisho alizaliwa tukiwa huku. Nilimwona ana meno.

Kwenda nyumbani ni siku mbili: basi hadi Mombasa kupitia Lunga Lunga, treni ya SGR hadi Nairobi, basi tena hadi Kakamega. Tumekwenda mara moja.

## Afya na mambo ya pembeni

Mkiugua je?

Njooni na dawa za presha au sukari za miezi mitatu, na barua ya daktari inayotaja jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni, ili mfamasia wa hapa aelewe. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo, kule karibu na bahari. Bima ya nyumbani tulijua haitatufaa huku, kwa hiyo tuna bahasha ya matibabu ambayo haiguswi hata kwa samaki. Malaria ipo kama ilivyo kwetu: ukihisi homa, pima siku hiyo hiyo. Kwa umri wetu hatari nyingine ni jua. Mzee alianguka kwenye foleni mwezi Februari kwa kukataa kunywa maji, eti choo kiko mbali.

Wewe ni muuguzi. Huwatibu watu?

Hapana. Leseni yangu ni ya Kenya, na hapa uuguzi una baraza lake na usajili wake. Kustaafu hakunipi ruhusa. Wanaponiletea mtoto mwenye homa usiku, ninachofanya ni kuvaa viatu na kwenda nao. Nakaa kwenye benchi, namshika mama mkono, na daktari akimaliza namweleza tena polepole alichoandikiwa. Mwanzoni niliona ni kupoteza ujuzi. Kina mama ndio waliozidi kuniita.

Mmoja wenu akifariki huko?

Watoto wetu walizunguka swali hili mwaka mzima kabla ya kuliuliza. Kusafirisha mwili kunahitaji hati ya kifo, cheti cha kuhifadhi mwili na barua ya ubalozi, na gari la kukodi mpaka Kakamega si la bei ndogo. Tumeandika matakwa yetu, nakala moja iko kwa mchungaji na nyingine kwa binti wa kwanza. Mimi nataka kurudishwa nikalale kando ya mama mkwe wangu, ambaye tuligombana miaka 30 na sasa namkumbuka. Mzee, baada ya ule msiba nilioutaja juu, ameandika kwamba azikwe siku hiyo hiyo alipo, bila kamati. Ukoo wake haujaambiwa.

Mnarudi lini?

Miaka miwili inaisha Agosti. Majirani wanatutania kwa msemo wa mji, "Tanga, waja leo waondoka leo." Usharika umeomba tuongezewe mwaka, mzee amekohoa na hajasema kitu. Mwenye nyumba yeye haulizi, ila kijana wake amekwisha kuuliza mara mbili kama ile baiskeli ya kijani ina mtu.